Madoa Mia Mbili na Kumi na Mawili

...kwa sababu ukurasa lazima utajwe, bila ukurasa ni maneno ya barazani, na katika miaka yake sabini na minne Profesa mstaafu hajawahi kumwangusha mtu kwa maneno ya barazani, kila aliyeanguka mikononi mwake alianguka kwa ukurasa na mstari, basi kalamu ikabaki imesimama nusu sentimita juu ya kisanduku cha tatu, Asipite, na mkono wa kushoto ukaendelea kupekua tasnifu iliyomlalia mapajani kama paka wa jirani, kurasa mia mbili themanini na nane, kilo moja na gramu arobaini, aliipima jana kwa mizani ya jikoni, mkewe akasimama mlangoni na mwiko mkononi akamwuliza, baba, unaisoma au unaipika, na yeye hakumjibu, mtu aliyekaa na vipimo nyumba moja miaka arobaini na sita bila kushika hata kimoja hajibiwi... visanduku vitatu tu, Apite, Apite baada ya masahihisho, Asipite, na ng'ambo ya meza katibu muhtasi wa idara, Mama Mihuri, aitwaye hivyo kwa jinsi anavyoilinda mihuri sita ya idara utadhani ameizaa, amebana simu kati ya sikio na bega, hapana dada, hilo tangi halipiti mlango wa nyuma, mwambie fundi apime kwanza, apime kabla hajabomoa, na Profesa akawaza kwamba hatimaye mtu mmoja katika jengo hili amesema neno la maana leo, na neno lenyewe ni la tangi la maji. Wamegawana, Profesa, alikuwa amemnong'oneza alipomkabidhi fomu, kwa mnong'ono wake ule unaosikika hadi ghorofa ya chini, mmoja kamkubali, mmoja kamkataa, wewe ndiye utakayekata, jambo ambalo hakupaswa kulijua, sembuse kulisema, kanuni inataka kila mtahini ajaze fomu peke yake ndani ya chumba chake, ndiyo maana yeye, mgeni wa nje katika idara iliyokuwa yake kabla hajastaafu, kaletwa hapa, kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi kwa milimita nne hivi, akiinama mbele kinagonga sakafu, akiegemea kinagonga tena, na idara nzima ya kemia haikupata mtu wa kukunja kipande cha karatasi na kukisokomeza chini ya mguu... aliyekubali bila shaka ni yule mtahini wa polima, mtu wa plastiki, alisinzia tangu picha ya pili akazinduka kwenye makofi, mtu akiamka katikati ya makofi atapinga nini, na aliyekataa ni yule mwembamba wa idara ya jirani, si kwamba ameliona kosa, angelionea wapi, ila alimwona Profesa akitikisa kichwa mara tatu naye akatikisa mara tatu, hata hesabu ya kutikisa hakuwa nayo yake mwenyewe, na juu yao wote ameketi mwenyekiti, ambaye Profesa alimbatiza Tai Nyekundu miaka ishirini na mitano iliyopita, kijana alipoingia kwenye mtihani wa fuwele amejifunga tai nyekundu na kutoka na alama kumi na tisa kati ya mia, leo ndiye anayeiongoza idara, na tai ni ile ile au ndugu yake wa tumbo moja. Kwa hiyo ni sare, na alama ya Profesa ndiyo mwamuzi, na kanuni inasema mtahiniwa aliyefikia mwisho wa mwaka wa sita hana nafasi ya kurudia, na mwaka wa sita wa mwanamke huyu unakwisha Ijumaa, na leo ni Jumatano, akiweka alama hapa kwenye kisanduku cha tatu miaka sita inafungwa kama daftari, na afungiwe, hesabu haina huruma na wala haitakiwi kuwa nayo, mtu ana miaka arobaini na mitatu, ni mwalimu wa sekondari, arudi akafundishe watoto jinsi ya kushika mrija wa majaribio bila kujichoma, kazi ya heshima ile, nani kamwambia kila anayejua kushika chaki lazima aitwe daktari...

...Bi Kitufe, ndivyo alivyomwita moyoni tangu ukurasa wa thelathini, kwa kuwa siku hizi hakuna anayetafuta atomu, zinatafutwa na programu, mtu anatumbukiza fuwele yake kwenye mashine kama anayetia nguo kwenye mashine ya kufulia, anaenda kunywa chai, akirudi anabonyeza kitufe na kila naitrojeni imeshavikwa hidrojeni zake, tatu tatu, pembe sawasawa, kama watoto wa chekechea waliovalishwa sare, na asubuhi ya leo mbele ya watu arobaini na wawili, aliwahesabu, alizungusha molekuli zake ukutani kwa rangi saba, nyekundu, buluu, kijani, zikazunguka na kuzunguka, na watu wakaguna kwa raha kana kwamba wanaangalia bembea, hakuna aliyeuliza swali la pekee lenye thamani katika kazi yote hii, nalo ni dogo, mtoto angeliuliza, iko wapi hidrojeni? Maana mambo yenyewe si magumu, ni watu wanaoyafanya magumu kwa uvivu wa kufikiri, una asidi na una amini yenye naitrojeni, asidi ana protoni moja, ndiyo hiyo hidrojeni iliyovuliwa elektroni yake, anayoweza kuiachia, amini ana nafasi moja ya kuipokea, akimpa ni chumvi, mmoja amekuwa amoniamu mwenye hidrojeni tatu na chaji chanya, mwenzake amekuwa kaboksileti mwenye chaji hasi, asipompa ni majirani tu waliosimama wakishikana mikono, kila mtu na chake, na kutoka kwa huyu hadi kwa yule protoni inasafiri sehemu saba za kumi za angstromu, na angstromu ni milimita iliyokatwa vipande milioni kumi, safari fupi kuliko zote duniani na mtu anaweza kuikosea maisha yake yote, hasa kwa jozi kama hii, asidi dhaifu na amini dhaifu, wanakaribiana nguvu kiasi kwamba hakuna anayeweza kukaa kitako akaapa protoni italala kwa nani, ni lazima uitafute kwenye fuwele yenyewe. Na yeye aliitafuta. Miaka thelathini na minane iliyopita, jozi hiyo hiyo, fuwele hiyo hiyo, mhimili mfupi tano nukta saba moja mbili, akatangaza kwamba si chumvi, protoni imebaki kwa asidi, na wenzake wa nje walishangaa wakamnukuu, mara arobaini na moja wamemnukuu, na makala hiyo ndiyo iliyomfanya profesa, halafu anakuja Bi Kitufe, sura ya nne, ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, mstari wa sita, anasema kwa upole wa muuguzi, kampaundi hii ni chumvi, naitrojeni imefungwa kwa bondi tatu za hidrojeni, kila bondi na oksijeni yake, na bondi hizo zinaungana kuwa ngazi inayopanda katikati ya fuwele... chumvi! imekuwa chumvi kwa sababu kitufe kimesema. Ndipo alipoinuka mstari wa mbele, polepole, alitaka wamwone akiinuka, na akauliza, mwalimu, kwa kusisitiza neno mwalimu, ulijuaje hidrojeni ya tatu iko kwa naitrojeni, naye akajibu, niliiona, Profesa, na Profesa akamwambia, uliiona kwa macho yapi? wakacheka, hata wa polima alicheka usingizini, lakini yule mwanamke hakucheka wala hakuyumba, akasema, kwenye ramani ya elektroni, Profesa, kabla programu haijaweka chochote, na kuna jambo jingine nilitaka kukuuliza, liko Kiambatisho cha Tano, na yeye akainua kiganja, viambatisho ni stoo ya tasnifu, mama, mimi sikuja kukagua stoo, wakacheka zaidi, na akaketi, na alijisikia vizuri, ni lazima aseme ukweli, alijisikia vizuri kuliko alivyojisikia tangu astaafu, kama mtu aliyepewa tena funguo za nyumba yake.

...hapana dada, usimlipe hadi limwage maji, akasema Mama Mihuri simuni, kisha akafunika mdomo wa simu kwa kiganja, Profesa, tayari? na Profesa akasema, natafuta ukurasa, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuharakishwa na mwanamke mwenye tangi, sura ya nne inatosha lakini ukurasa mmoja hautoshi, ili kumwangusha mtu aliyesota miaka sita unahitaji tatu, ni kawaida yake, tatu, mmoja wa kosa, mmoja wa chanzo cha kosa, mmoja wa kuonyesha kwamba mhusika angeweza kulijua kosa, wa kwanza anao, mia moja na kumi na mbili, wa pili anao, mia moja na thelathini ambapo anataja programu yake kwa fahari, akapekua kwa ajili ya wa tatu, akapita marejeo, akapita shukrani zilizowekwa mwisho badala ya mwanzo, kosa dogo lakini kosa, akafika kwenye viambatisho ambavyo kweli hakuvisoma, Kiambatisho cha Kwanza majedwali, cha Pili majedwali, cha Tatu, cha Nne, cha Tano, ukurasa wa mia mbili sabini na moja, na hapo kidole kikasimama kwa sababu kiliona kabla yake. Picha ya daftari. Daftari la mistari, karatasi imegeuka rangi ya chai, na tarakimu zimepangwa kwa penseli nyembamba, saba yenye mkanda kiunoni, nne iliyofungwa juu, mwandiko huo angeutambua hata ukiandikwa kwa mkaa ukutani gizani... Macho. Fundi wa maabara. Wote walimwita Macho kwa kuwa siku hizo hapakuwa na mashine ya kusoma fuwele, eksirei ilipita kwenye fuwele na kuacha madoa kwenye filamu, na mtu alilazimika kuyasoma madoa moja baada ya jingine, kuinua filamu kwenye mwanga wa dirisha, kuweka kando yake kipande cha filamu chenye madoa ya mfano kutoka moja hadi thelathini, hafifu kuliko yote hadi jeusi kuliko yote, na kuamua, hili ni kumi na saba, hili ni nne, hili ni sita, na Macho, mwanamke yule, aliyasoma elfu moja mia nane arobaini na sita ya fuwele ile, mara tatu kila moja, kwa majuma matano, na ukimpa filamu ile ile juma lililofuata bila kumwambia angekurudishia tarakimu zile zile, Profesa alimjaribu hivyo mara mbili, kwa siri, maana hakuamini. Filamu zilitupwa, alidhani, jengo la zamani lilipobomolewa, kumbe zilihamishwa stoo, na Bi Kitufe... na mwalimu huyu alizifuata stoo, alifungua sanduku baada ya sanduku, ona alivyoandika, filamu asili hamsini na tatu zilisafishwa na kusomwa upya, mtu mwenye kitufe anasoma filamu hamsini na tatu kwa mkono kwa nini, akaendelea kusoma mistari iliyo chini ya picha, hakutaka, jicho lilikwenda lenyewe, uchanganuzi wa awali wa kampaundi hii haukujumuisha madoa mia mbili na kumi na mawili yaliyomo katika daftari la fundi, yakijumuishwa, urefu wa bondi mbili za kaboni na oksijeni unakuwa moja nukta mbili tano na moja nukta mbili sita, na fundi mwenyewe alikwisha kulibaini jambo hili, tazama maandishi ya pembeni. Akatazama maandishi ya pembeni. Kwa penseli, herufi ndogo, zimelingana, protoni imehamia kwa N? nimemwambia Mwl. Na tarehe.

Nimemwambia Mwl... alimwambia, ndiyo, alikuja kutoka chumba cha kompyuta na karatasi ndefu iliyokunjwa mara nyingi, mikono ya koti jeupe imekunjwa hadi viwikoni, akasimama pale karibu na sinki, akasema, Mwalimu, samahani, hizi mbili zimelingana, zipi? kaboni na oksijeni zake, asidi haiwi hivi, Mwalimu, asidi huwa na moja ndefu na moja fupi, zikilingana nadhani protoni imeshatoka, nani kakuuliza? hakuna, Mwalimu, nimeona tu, na yeye, kijana wa miaka thelathini na sita, mhadhiri mwandamizi mtarajiwa, akamwambia, umeona kwa macho yapi? kazi yako ni kusoma madoa, fuwele niachie mimi... kwa macho yapi, maneno yale yale, neno kwa neno, miaka thelathini na minane na hata tusi hakulibadilisha, mvivu gani huyu anayeita wenzake wavivu, ana tusi moja tu na analipigia pasi kila likijikunja. Na madoa mia mbili na kumi na mawili, nani aliyatoa? hakuna mashine iliyoyatoa, hakuna kitufe, ni yeye, kwa kalamu nyekundu juu ya daftari lile lile, siku tatu mlango umefungwa, kwa sababu kosa la jumla lilikuwa kumi na mbili kwa mia na majarida hayakutaka kuona kitu kilichozidi kumi, na kwa sababu chumvi za namna hiyo zilikuwa zimejaa kila jarida kama mchanga, nani angemnukuu kwa chumvi moja zaidi, isiyokuwa chumvi ndiyo ingesomwa, akaanza na madoa hafifu, hafifu hutolewa, kila mtu aliyatoa, ni kawaida ya kazi, lakini baada ya hafifu akaendelea, sitini na matatu kati yake hayakuwa hafifu hata chembe, yalikuwa meusi, wazi, yamejaa, kosa lao ni moja tu, hayakukubaliana naye, akayakata, na kosa la jumla likashuka hadi saba nukta tisa, na oksijeni mbili zikaachana kwa adabu, moja nukta mbili mbili, moja nukta tatu sifuri, asidi ikawa asidi, na yeye akawa profesa, mia mbili na kumi na mawili kati ya elfu moja mia nane arobaini na sita, asilimia kumi na moja nukta nne nane, aliikokotoa siku ile na ameikokotoa sasa hivi tena, haikubadilika, na aliandika kwenye makala, madoa hafifu yaliachwa, maneno matatu, akalala usingizi mzuri... na alipokwisha kuchapisha Macho alisoma makala akairudisha mezani imenyooka sawasawa na ukingo wa meza, na kwa miaka kumi na mmoja iliyofuata alimletea tarakimu, kila siku tarakimu safi, na zaidi ya tarakimu hakumletea neno hata moja, habari za asubuhi, tarakimu, kwaheri, na Profesa alidhani ni nidhamu, alimsifu mbele ya wageni, huyu wangu hasemi, anapima tu.

...na huyu mwalimu alikuwa na haya yote mkononi asubuhi, akawaza, na kiti kikagonga sakafu, alikuwa na ukurasa wa mia mbili sabini na moja mbele ya watu arobaini na wawili, kitufe kimoja na picha ya daftari ingepanda ukutani kubwa kuliko mlango, mistari ya kalamu nyekundu na yote, wakati wote wanamcheka yeye, na hakubonyeza, alisema tu kuna jambo nilitaka kukuuliza, kwa hiyo kati yao wawili ni nani aliyezuia mkono wake, na ni nani mwenye vidole vinavyowasha... akatazama vidole vyake, na akaona kitu cha kuchukiza sana, akakitazama kwa umakini kama anavyotazama data, kalamu ilikuwa imehama. Haikuwa tena juu ya kisanduku cha tatu, ilikuwa juu ya cha pili, Apite baada ya masahihisho, imekwenda yenyewe, sentimita mbili na nusu upande wa kushoto, na kichwani sentensi ilikwisha kutungwa, imeshapigwa pasi, Kiambatisho cha Tano kiondolewe, hakihusiani na hoja kuu, maneno manane, masahihisho madogo, kazi ya saa moja, ataondoa kurasa nne, ataitwa daktari Ijumaa, atashukuru, watu wa namna hii hushukuru, na viambatisho havisomwi na mtu, yeye ndiye shahidi kwamba havisomwi, na makala arobaini na moja zilizomnukuu zitabaki zimesimama, na filamu zitarudi stoo, jengo hili nalo litabomolewa siku yake, na hakuna mtu atakayekuwa ameumia, hakuna hata mmoja, mpango mzuri, nadhifu, wenye mantiki, kama mtahiniwa angemletea mpango huo angemwuliza, mama, huu ni utafiti au ni wizi wa kuku? na hicho ndicho kilichomkera zaidi, si uovu wake, ni unadhifu wake, jinsi ulivyokuja haraka, haukutafutwa, ulikuwa umekaa umevaa viatu unasubiri mlangoni, inaelekea umekaa hapo miaka thelathini na minane, na mtu wa hivyo alimwita Tai Nyekundu mjinga, Tai Nyekundu alipata kumi na tisa kati ya mia lakini kumi na tisa zile zilikuwa zake, kila moja... Akaisogeza kalamu. Haikumchukua nguvu, kisanduku cha kwanza, Apite, hilo lilikwisha, halikuhitaji hata ukurasa, mkono ungefanya hivyo kwa nusu sekunde na mwalimu aliyeketi nje kwenye benchi la ukumbini angeitwa ndani, angesimama, wangempigia makofi, na makala ya miaka thelathini na minane ingekuwa karatasi ya kufungia vitunguu, sawa, vitunguu navyo vinahitaji karatasi, lakini kabla hajagusa fomu jicho likashuka tena chini ya ukurasa, kwenye tanbihi, herufi ndogo kabisa, namba tisa: Jina la fundi huyu halikupatikana katika kumbukumbu za idara. Mtafiti anakusudia kumwomba mtahini wa nje alitaje, ili liandikwe mahali pake.

Hilo ndilo lilikuwa jambo jingine. Si kosa lake, si madoa yake, si kalamu nyekundu, mtu alichimba stoo na kusoma filamu hamsini na tatu na kupanda jukwaani kuchekwa, na swali alilokuja nalo lilikuwa la jina, kwani nani mwingine atamjua, fundi alifanya kazi na mtu mmoja miaka kumi na tisa, chumba kimoja, dirisha moja... na Profesa, ambaye anaikumbuka mihimili mitatu ya fuwele ile hadi tarakimu ya tatu baada ya nukta, anayekumbuka kwamba kigoda alichokalia Macho kilikuwa sentimita sitini na moja kwenda juu kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza kikatwe kutoka sitini na saba, anayekumbuka alikuwa akiingia saa moja na dakika hamsini na kutoka saa kumi na dakika tano, na kwamba alisoma madoa kwa jicho la kulia, na la kushoto alilifunika kwa kiganja na si kwa kulibana, akanyoosha mkono ndani ya kichwa chake kuchukua jina, kama anayechukua kitabu ambacho siku zote kipo, na rafu ilikuwa tupu. Macho. Dada Macho, wanafunzi walisema. Yule Macho wa Profesa, wahasibu walisema. Mwite Macho. Macho yuko wapi. Kwa Macho, kwa kazi njema, aliandika kwenye kadi ya kumuaga alipostaafu, Profesa mwenyewe alikuwa na safari siku hiyo, kadi ikapelekwa na mtu mwingine. Alikuwa na jina, kila mtu ana jina, alikuwa na mama aliyempa, lilikuwa kwenye jalada la daftari pengine na jalada limechanika, lilikuwa kwenye mlango wa kabati lake la koti, alipita mbele ya kabati lile mara nne kwa siku, mara ishirini kwa juma, kwa miaka kumi na tisa ukitoa likizo ni mara elfu kumi na saba na zaidi, na hakuwahi kusoma, yeye, msomaji... Sawa, dada, nakuja mwenyewe, nakuja na kamba ya kupimia, wasibomoe kitu, Mama Mihuri akaweka simu chini, akavuta droo, akatoa muhuri na kuupulizia pumzi kama anayesafisha kioo, akamtazama Profesa juu ya miwani yake, Profesa wangu, bado tu? wanakusubiri ukumbini, yule mwalimu ameulizia mara mbili, na Profesa, kalamu nusu sentimita juu ya karatasi, kisanduku cha kwanza chini yake kikiwa cheupe, akasema, bado kidogo, mama, nisubirini, kwa sababu kitu cha aina hii hakitafutwi ovyo, kinatafutwa kwa mpangilio, herufi kwa herufi, kila herufi na majina yote ya wanawake aliyowahi kuyasikia, bila kuruka hata moja, hafifu na lisilo hafifu, na alikuwa amemaliza A, alikuwa amemaliza B, ameingia CH.